Makopo ya Mama

Jumatano, 5 Agosti

Baba Bonge, nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Daftari ulinikabidhi siku ile unaondoka. Ukasema niandike ya nyumbani, maana huko kambini mgodini simu haishiki mpaka mtu apande juu ya kifusi, na dereva wa lori atalibeba mvua zikianza. Nikajibu nitaanza kesho. Kesho yenyewe imefika leo. Mwanao anaota meno, mimi nashona kola za sare kutwa nzima, na jioni nikikaa tu, nimeshalala. Si kwamba nilikosa la kusema.

Mama yako amefika salama. Nguo zake zimeenea kwenye begi moja. Nafasi iliyobaki ya gari ilikuwa ya maua: makopo ya maziwa, makopo ya rangi, makopo ya mafuta ya kupikia, yamepangwa mpaka kiti cha mbele. Dereva aliniuliza kama na hayo nayo yatakunywa chai. Kwenye ile nyumba ya marehemu baba yako, kabla haijauzwa, Mama alichokiokoa ni hayo.

Nimemshukuru kuja. Tangu yule msichana wa kumwangalia Bonge aolewe, nimekosa kazi mara mbili, na msimamizi alishasema nikikosa tena, mashine yangu ina mtu anayeingoja. Kwa hiyo Mama ndiye anayeishikilia kazi yangu. Lakini alipoketi tu, kabla hata hajavua viatu, akasema, "Nimekuja mpaka mvua, mwanangu. Mvua ikinyesha, wifi yako anakuja kunichukua."

Nikasema sawa. Nitaweka neno langu wazi humu: sikusikitika. Nilifikiri, mpaka mvua nitakuwa nimepata msichana mwingine.

Ijumaa, 7 Agosti

Kola. Kufua. Kulala.

Jumapili, 9 Agosti

Bomba sasa linatoa Jumamosi peke yake. Wanasema ni kwa muda, na hawasemi muda gani. Nimekaa na Mama nimweleze utaratibu wa nyumba.

"Mama, maji ya tangi ni ya kunywa, kupika na kumwogesha mtoto. Maua yatakunywa maji yaliyokwisha kufanya kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kuoshea mboga. Ya kusuuzia vyombo. Ya beseni la Bonge, maana lile halina sabuni kali. Ya kufulia tunapeleka kwenye miti ya uani."

"Kwa hiyo waridi langu linywe maji aliyokojolea Bonge."

"Mkojo wa mjukuu wako una mbolea."

Akafikiri. "Kwa mbolea nakubali. Kwa heshima, bado."

Nyasi zako za mbele nimeziacha zife. Nilitaka ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa jirani. Zilikuwa zinakunywa kuliko sisi watatu, na hakuna anayekula nyasi humu ndani. Zimekuwa na rangi ya mkeka wa zamani. Ukirudi, ukitaka kununa, nuna.

Jumamosi, 15 Agosti

Leo maji yametoka asubuhi. Nimekurupuka kujaza tangi, nikamkuta Mama ameshatega ndoo na anayanywesha makopo maji safi, moja baada ya jingine, kwa utulivu wa mtu anayegawa uji. Bomba likakata tangi likiwa nusu.

Sikupaza sauti. Nilisema, "Mama, nusu hii ndiyo wiki nzima."

"Na hawa nao ni viumbe."

"Mchana watakuwa wamekauka tena. Kopo linapata moto, udongo wake ni kiganja kimoja. Tukiyapanda ardhini, pale ukutani kwa jikoni ambako jua la mchana halifiki, tukatandaza nyasi kavu juu, yatakunywa mara moja kwa wiki."

Akaendelea kumwagia mchaichai wake. "Cha kwenye kopo ni cha kubeba. Cha ardhini ni cha mwenye uwanja."

Saa nane nilitia kidole kwenye kopo la waridi. Kavu, na bati limechemka. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Jumapili, 23 Agosti

Mama alimchukua Bonge, nami nikashika jembe. Nimechimba visahani kuzunguka mlimau na mipapai miwili, ili maji yakae shinani yasikimbilie njiani. Juu nimetandaza zile nyasi zako zilizokufa, sasa angalau zina kazi. Zilipokwisha nikaongeza mabaki ya vitambaa vya pamba niliyoomba kazini. Msimamizi aliniuliza kama naishonea miti sare. Nikamwambia kola tu.

Jirani yetu mwenye mpira wa maji bado anamwagilia barabara kila Jumamosi ili vumbi lisiingie sebuleni kwake. Barabara yake imenawiri.

Alhamisi, 27 Agosti

Jino la juu limetoka. Amemng'ata bibi yake.

Jumamosi, 5 Septemba

Bomba halikutoa. Tulikaa na ndoo mpaka adhuhuri kama watu wanaongoja gari. Bomba likapumua mara mbili, likanyamaza.

Nimenunua kwa mtu wa mkokoteni. Ana maji na ana maringo. Nimerudi nimebandika sheria mpya, kwa mdomo: hakuna maji yanayomwagwa nyumba hii. Hakuna. Nilisema kwa ukali kidogo kuliko nilivyokusudia, na Bonge akalia. Mama alichukua kikombe nilichosuuzia mdomo, akaenda nacho nje.

Jumatano, 9 Septemba

Kola. Joto. Jino jingine linakuja.

Jumapili, 13 Septemba

Mama ameshika sheria kuliko mwenye kuitunga. Mchele ukioshwa, anasimama na bakuli chini ya mikono yangu. Bonge akinawishwa, ni juu ya kopo. Juzi nilitaka kumwaga masalia ya chai, akanishika mkono.

"Umesema hakuna."

"Chai, Mama?"

"Haina sukari. Nimeonja."

Jirani alipita akamtania, "Bibi, wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki."

"Hawakuishi na mkwe wangu," akajibu.

Nilicheka mpaka nikaketi. Mchana, Bonge amelala, tulichambua mboga pamoja. Nikamuuliza kwa nini hakuja na lile waridi kubwa la kwenye ngazi, lile la kwenye picha ya harusi yetu.

"Lilikuwa ardhini," akasema. "Walioinunua walimwaga zege hata sijafunga mlango. Nimesimama na funguo mkononi, nasikia koleo."

Akaendelea na mboga. Hili, Baba Bonge, nadhani hulijui. Sidhani kama amemwambia mtu.

Jumamosi, 19 Septemba

Bomba limetoa kidogo, mpaka magotini mwa tangi. Mama hakugusa hata kikombe kwa ajili ya maua.

Alhamisi, 24 Septemba

Kazini nimepata kipande cha kitambaa chekundu kizuri, nimshonee Bonge kaptura ya kutimiza mwaka. Kipya hakikosi kuchuja rangi. Nimekiloweka kwenye maji ya chumvi kama tunavyofanya siku zote, viganja viwili, nimekiacha nikaenda kazini. Nimerudi nimekikuta kwenye kamba, kimeshika rangi vizuri.

Jumapili, 27 Septemba

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Asubuhi nilitoka na Bonge kiunoni, nikaona majani ya waridi yameungua pembeni, kama mtu aliyapitisha pasi. La zambarau, lile ambalo hata Mama halijui jina, limelala juu ya ukingo wa kopo. Mchaichai umepauka. Nilidhani ni jua. Kisha nikaona kwenye midomo ya makopo kitu cheupe, kikavu, kama ukoko. Nikachovya kidole nikaonja.

Nilijua papo hapo. Kitambaa nilikiloweka kwenye beseni la Bonge, maana ndilo lililokuwa karibu. Na maji ya beseni la Bonge huenda kwenye makopo. Hiyo ndiyo sheria, na sheria ni yangu.

Nilimkuta Mama anakunja nguo za mtoto.

"Mama, yale maji mekundu ya Alhamisi uliyapeleka wapi?"

"Unajua yalikoenda. Kila kopo lilipata lake. Nilipima kwa kikombe asionewe mtu." Akaniangalia. "Rangi niliiona, nikasema ni rangi tu, inaweza hata kupendeza. Yana nini?"

"Chumvi. Viganja viwili."

Chumvi haionekani ndani ya maji mekundu. Alikaa na soksi moja ya Bonge mkononi muda mrefu. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, tungemaliza. Alisema tu, "Ulisema hakuna kumwaga," lakini si kwa shari, kama mtu anayehakikisha alisikia sawasawa.

"Nilisema."

Sasa, chumvi ikiingia ardhini hutawanyika, inakwenda chini na mambo yake. Kwenye kopo haina pa kwenda. Dawa yake ni moja: kumwagia kila kopo maji safi mengi, yapite mpaka yatoke chini, tena na tena. Makopo yale yanahitaji karibu tangi lote. Na tangi lilikuwa na maji ya kutufikisha Jumamosi, kama Jumamosi ingekuja na maji.

Nilisimama uani nikapiga hesabu ya kichwani. Nikamwangalia Bonge anatambaa kuelekea kwenye kopo. Nikachukua ndoo nikaenda kwenye tangi.

Mama alifika kabla yangu. Sijui alipitia wapi, yule mtu ana goti bovu. Alikaa, akakaa kabisa chini, mgongo wake umeegemea koki.

"Unafanya nini?"

"Naosha chumvi. Makosa ni yangu."

"Na Bonge anywe nini?"

"Nitanunua kwa mkokoteni."

"Mkokoteni haujapita tangu juzi. Au utaufuata wapi, kwa baba yake Bonge kambini?"

"Mama, ondoka."

"Siondoki. Mwanamke mzima unataka kumnyima mtoto maji kwa ajili ya makopo ya kizee."

"Si makopo, Mama. Ni nyumba yako."

Lilinitoka. Hatukuwahi kulisema. Ndoo ikabaki inaning'inia mkononi mwangu. Bonge alikuwa amefika kwenye mchaichai na anavuta jani kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyemkataza.

Kisha Mama akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya nyanya, "Pale ukutani kwa jikoni, udongo wake ukoje?"

"Mzuri. Una kivuli."

"Nipe mkono niinuke. Uchimbe."

Tulifanya mpaka jioni. Mimi nachimba, yeye anagonga makopo chini, anatoa mmea, anakung'uta udongo wote wenye chumvi mpaka mizizi inabaki uchi. Mizizi tuliisuuza kwenye ndoo moja tu ya maji safi, yote, zamu kwa zamu, hilo la ndoo moja aliliamua yeye. Udongo wa chumvi tukaumwaga kwenye njia ya geti, ambako sitaki kitu kiote. Kila shimo nililichimba kama sahani, ukingo umeinuka, na juu nyasi kavu na vitambaa. Kila mmea ulipata kikombe kimoja na maneno mawili matatu ambayo sikuyasikia.

Waridi alilikata mwenyewe. Nilimwambia aache kidogo, akasema, "Usilionee huruma, litakufa kwa huruma." Likabaki kijiti cha urefu wa kidole.

Makopo matupu aliyapanga ukutani, mdomo chini. Hakuna aliyesema yatafanyiwa nini.

Jumatatu, 28 Septemba

Nimekwenda kazini mgongo umekataa kunyooka. Msimamizi kaniuliza kama nimelala kwenye mashine.

Alhamisi, 1 Oktoba

Mchaichai unaishi. Waridi: kijiti.

Jumamosi, 3 Oktoba

Bomba limetoa mpaka juu. Kabla ya kumwagia ukutani maji ya mboga, Mama alitia kidole chini ya nyasi kavu, akaniita. "Njoo utie kidole." Nikatia. Udongo ulikuwa na unyevu bado, wa tangu katikati ya wiki. Hakusema kuwa nilisema kweli, nami sikumwomba aseme.

Jumanne, 6 Oktoba

Kijiti.

Jumapili, 11 Oktoba

La zambarau limetoa jani. Waridi: kijiti.

Msichana mmoja amekuja kuuliza kazi ya kulea. Binti mtaratibu, kucha safi, anacheka vizuri. Nilipaswa kumwambia aanze mwezi ujao, mvua zikija. Nilimwambia nitamfikiria. Mama alikuwa ndani na alisikia kila kitu, maana aliacha kuimba. Jioni aliosha vyombo kwa kelele.

Nimejiuliza kwa nini sikumwambia ndiyo. Ni binti mzuri. Ila nimezoea mtu anayeonja chai ya jana kabla ya kuimwaga.

Ijumaa, 16 Oktoba

Wifi amepiga simu. Mvua kwake zimeanza. Anasema akipata nafasi Jumapili yoyote atakuja na gari. Mama aliongea naye akiwa amesimama. "Sawa," alisema. "Sawa. Utakavyoona." Akanirudishia simu.

Sikumuuliza. Mimi ni mkwe, siwezi kumwambia mtu mzima asiende kwa binti yake. Na akibaki kwa kunionea huruma kwa sababu ya kazi yangu, nitajua, na yeye atajua kuwa najua.

Jumanne, 20 Oktoba

Waridi limekufa. Mama alikwangua kijiti kwa ukucha, ndani kikavu kabisa, akaking'oa. Nikamwambia pole. Akasema, "Lilikuwa zuri." Nilipotaka kufukia shimo akanizuia.

"Liache. Kuchimba umechimba. Utatia mpapai."

Utatia. Si tutatia. Hilo nililala nalo.

Jumatatu, 26 Oktoba

Mvua. Imeanza alasiri nikiwa kazini, nimetembea nayo mpaka nyumbani. Nimewakuta wamesimama mlangoni, Bonge analipigia kelele anga. Visahani vyote vimejaa na vimekaa, hakuna maji yaliyokimbilia njiani. Ila paa letu halina mfereji, na tulisimama hapo tukiangalia maji ya wiki nzima yanaporomoka kutoka kwenye bati na kwenda zake. Mama alikuwa anaumia kama anaibiwa. Alitoka na sufuria. Akatoka na beseni. Mwishowe alitoka na yale makopo yote, akayapanga mstari chini ya bati.

"Mama, utalowa."

"Nimeshalowa. Lete ndoo."

Jumapili, 8 Novemba

Wifi amekuja, gari amelisafisha mpaka buti na kutandika magunia ndani yake kwa ajili ya maua. Amekula, amembeba Bonge, amesema anapanda kila mwezi kama kodi ya nyumba. Kisha akatoka uani akaangalia huku na huku.

"Mama, makopo yako wapi?"

"Yapo. Moja Bonge amelifanya ngoma."

"Na maua?"

Mama akaonyesha ukuta wa jikoni kwa kidevu. Wifi akaenda, akainama. Mchaichai umemfika magotini.

"Kumbe umeyapanda chini. Si neno, tunayang'oa tu. Wifi, una koleo?"

Nikasema nina jembe. Sikwenda kulileta.

"Yameshika," Mama akasema.

"Tutayang'oa taratibu."

"Kitu kilichoshika haking'olewi wakati wa mvua. Kinaoza mizizi."

Wifi akanyooka, akamwangalia. Unamjua dada yako, si mtu wa kuzungushwa. "Basi tuyafuate kiangazi."

"Kiangazi ndiyo kabisa. Yatakauka."

"Kwa hiyo yatang'olewa lini, Mama?"

Mama alikuwa anamfuta Bonge kamasi, na alilifanya jambo hilo kwa uangalifu mkubwa. "Hapo sasa," akasema.

Wifi akanigeukia. Nilikuwa naangalia kamba ya nguo. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema angeambiwa kwenye simu asingetandika magunia. Mama akamwambia magunia ayaache, yanafaa kutandazwa.

Ameondoka na mchaichai wa chai, majani tu.

Jioni nilimwambia Mama yule binti wa kulea nitamjibu hapana. Akasema, "Mwambie kwa adabu. Alikuwa na kucha safi."

Jumatano, 11 Novemba

Dereva anaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo naishia hapa. Wote wazima. Bonge amepiga hatua tatu, mbili za kwenda na moja ya kuanguka. Kazini naheshimika kidogo, sijakosa siku.

Usitume mbegu za nyasi. Vitu ninavyovihitaji bado ni hivi, ukimpata mtu wa kuja huku, au uje navyo mwenyewe, jambo ambalo lingekuwa zuri zaidi:

Mfereji wa bati wa kutosha upande wa jikoni wote, na vishikio vyake. Nimepima, ni hatua zangu kumi na mbili, hatua zako pungufu.

Bomba la plastiki la kutoka kwenye mfereji mpaka tangini, na kona mbili.

Wavu wa kuzibia mdomo wa tangi, mbu wameanza.

Mpira wa ndani ya koki. Inadondosha, Mama ameitegea kikombe na hataki kiguswe.

Kitanda cha Mama, cha mbao, cha kudumu. Kile cha kukunja tulichoazima arudishiwe jirani.

Viatu vya Bonge vya kuanzia kutembea, urefu wa kidole chako cha shahada, kimoja na nusu.

Na jembe dogo, lenye mpini mfupi, liwe la Mama. Langu hanirudishii.